Mirihi Ilipogeuka Kilosa

Vuta kiti, mwalimu. Najua una rundo la madaftari ya kusahihisha, lakini madaftari hayajawahi kumkimbia mtu. Siku nilipokukabidhi funguo za maabara ya hapa Mikumi uliniuliza swali, tena kwa aibu, kama anayeomba chumvi kwa jirani aliyehamia jana: "Madam, mwendo wa sayari nitaufundishaje, na darubini hatuna?" Nilicheka, nikasema nitakuandikia. Hili ndilo jibu. Ni refu kidogo kwa sababu linaanzia Kilosa, na mambo ya Kilosa hayakuwa na haraka.

Nilifika Kilosa kwa treni, alfajiri, nikiwa na godoro lililofungwa kwa kamba na jiko la mafuta ya taa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto Mkondoa, na milima ya Ukaguru ilionekana juu yake kana kwamba imening'inizwa tu, haina miguu. Ilikuwa miaka ambayo soko huria lilikuwa linaanza kuzoeleka. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu sasa yaliuza betri, sabuni za rangi na redio ndogo. Mashamba ya mkonge yalikuwa yanabadilisha wamiliki. Shule za binafsi zilichipua huku na kule, zikawavuta walimu wa sayansi mmoja mmoja. Ndiyo maana nilipofika shuleni, walimu wa fizikia tulikuwa wawili tu: mimi, na Mzee Lubawa.

Alikuwa mrefu, mkimya, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, miwani mizito. Nilimkuta kwenye mlango wa maabara akigonga misumari kwenye ubao.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Umekuja na nini?"

"Nimekuja na vyeti vyangu, mwalimu."

"Vyeti mpelekee mkuu wa shule, yeye ana kabati. Mimi nauliza umekuja na nini cha kufundishia."

Sikuwa na kitu. Akaingia ndani, akatoka na rula ya mbao, akaniwekea mkononi. Alikuwa ameitoboa katikati na kupitisha uzi wenye fundo. Unauma fundo kwa meno, unanyoosha mkono mpaka uzi ukaze, na rula inakaa umbali uleule kutoka jichoni kila siku. Kwa rula hiyo unaweza kupima nafasi kati ya nyota mbili kama fundi anayepima ubao. Nilikuwa nimetoka chuoni nikiwa nimefaulu somo la mwendo wa sayari vizuri kabisa, na sikuwa nimewahi kuitazama sayari hata moja kwa makusudi.

Kanuni yake kuu ilikuwa moja, nami nakuachia wewe kama nilivyoachiwa: usimwambie mwanafunzi jambo ambalo anaweza kuliona mwenyewe. "Ukimwambia," alisema, "umemnyang'anya."

Zana zetu zilikuwa gurudumu la baiskeli, kifuniko cha sufuria, sinia, misumari, chaki, na nyuzi za katani tulizoletewa na wazazi waliofanya kazi kwenye mkonge. Kwa hizo tulifundisha habari nzima ya sayari. Mzee Lubawa hakuanza na majina ya wanasayansi. Alisema majina yatakuja yenyewe siku ya mtihani, kwanza tujue watu hao walikuwa wanasumbuliwa na nini.

Aliwaeleza wanafunzi kwamba watu wa kale walitazama juu wakaona nyota nyingi mno zinazokwenda pamoja, kama watu waliopanda gari moja, na nyota chache zinazotembea peke yake katikati ya zile. Hizo chache ndizo sayari. Mgiriki mmoja aliyeishi Misri aliweka dunia katikati na kuzizungushia sayari. Lakini mahesabu yalikataa, kwa hiyo akaongeza magurudumu madogo juu ya magurudumu makubwa. Hapo Mzee alikuwa anachukua kifuniko cha sufuria na kukibingirisha kwenye ukingo wa sinia, na alama ya chaki pembeni mwa kifuniko ikapanda, ikashuka, ikajizungusha kama nzi mlevi.

"Mnacheka," aliwaambia. "Kifuniko hiki kilifanya kazi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nani kati yenu ametengeneza kitu cha kudumu hata muhula mmoja?"

Akawaeleza pia kwamba mabingwa wa Baghdadi, wa Damasko na wa Uajemi waliyachukua magurudumu yale, wakayapima upya, wakayaona yana kasoro, wakaandika kasoro hizo bila woga. Hamisi, kiranja wa kidato cha pili, kijana wa pale mjini mwenye sauti ya kuamrisha, alinyoosha mkono: "Ndiyo maana sayari tunaziita Zuhura na Mirihi na Zohali, mwalimu?"

"Ndiyo maana. Kila ukizitaja unawashukuru, hata kama hujui."

Macho ya Mzee Lubawa yalikuwa yanazibwa na mtoto wa jicho. Mwezi aliuona kama taa nyuma ya pazia. Nyota hakuziona tena. Ilinichukua muda kulijua hilo kwa sababu alitembea kwa uhakika na ubaoni aliandika mistari iliyonyooka. Siku moja tukinywa chai alinieleza anachokitaka kabla hajastaafu. Kwa kawaida Mirihi husogea kuelekea mashariki katikati ya nyota, wiki hata wiki. Lakini kila baada ya miaka miwili na ushee hupunguza mwendo, husimama, hurudi nyuma kwa wiki kadhaa, kisha husimama tena na kuendelea na safari. Hilo ndilo lililowatesa wazee wote wale. Alitaka mwanafunzi mmoja, mmoja tu, aligundue bila kuambiwa, aje mwenyewe aseme.

"Mara nyingine masika yaliificha," alisema. "Mara nyingine shule ilikuwa imefungwa. Mara moja niliwaambia mwenyewe kwa kukosa subira. Safari hii inageukia kiangazi, karibu na kundi la nyota liitwalo Nge. Safari ijayo nitakuwa kwetu Malolo nalima vitunguu."

Kwa hiyo muhula ule tulianzisha zamu ya anga. Ujue kwamba shule ya bweni haiwezi kufanya jambo lolote bila zamu. Kulikuwa na zamu ya kufagia, zamu ya maji, zamu ya kugonga kengele, na sasa zamu ya Mirihi. Kila wiki mwanafunzi mmoja aliamka kabla ya kengele, wakati mbingu ya magharibi bado nyeusi, akapima kwa rula nafasi kati ya Mirihi na ile nyota nyekundu iliyo kifuani mwa Nge. Kisha alitia nukta kwenye chati tuliyoitengeneza kwa mifuko ya saruji iliyopasuliwa na kugandishwa ukutani kwa uji wa mhogo. Wiki za mwanzo nukta zilipanda vizuri. Mirihi ilikuwa inaiacha ile nyota nyekundu, na nafasi iliongezeka. Hamisi alichukua rula akaziunganisha kwa mstari, akauendeleza mpaka mwisho wa karatasi, mahali pa nukta ambazo bado hazijapimwa. Mstari ulikuwa mzuri. Hata mimi niliupenda.

Ndipo zamu ikamfikia Nyamizi. Huyu alikuwa binti wa wafugaji waliohamia Tindiga kutoka kanda ya ziwa, mpole wa sauti, mgumu wa msimamo. Alitia nukta yake chini ya mstari. Tofauti ilikuwa kama upana wa punje ya mchele.

"Umekosea," Hamisi alimwambia mbele ya darasa.

"Sijakosea. Nafasi imepungua."

"Imepunguaje? Nyota imesahau mkoba nyumbani?"

Darasa likacheka. Nyamizi akasubiri kicheko kiishe. "Sijui imesahau nini. Mimi nimepima, imepungua."

"Uliuma uzi mbele ya fundo. Meno yenyewe unayo hayo."

"Meno yangu na yako ni ya shule moja, tunakula maharage yaleyale. Nimepima siku mbili."

Sasa sikiliza desturi iliyotuponza. Kwenye zamu zote za shule ile, aliyefagia vibaya kiranja alirekebisha. Mkuu wa shule akipita akute pasafi. Hamisi akafanya alichozoea. Alifuta nukta ya Nyamizi na kuirudisha kwenye mstari, kama anayepanga viatu mlangoni. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anasafisha. Na waliofuata kwenye zamu, wakijua nukta inatakiwa wapi, waliiona hapohapo inapotakiwa. Asubuhi nyingine kulikuwa na mawingu mazito, na Mirihi ikaonekana vilevile!

Siku aliyoikuta nukta yake imefutwa, Nyamizi alinifuata maabara. "Madam, mwakani tukichagua masomo mimi nachukua historia. Fizikia nimeiacha."

"Kwa sababu ya nukta moja?"

"Kwa sababu fizikia inataka niseme ambacho sikukiona. Historia angalau inakubali kwamba watu waligombana."

Nilikwenda kwa Mzee Lubawa mbio. "Mwalimu, imetokea! Nyamizi ameiona. Waambie darasa yuko sahihi, kabla hatujampoteza."

Alivua miwani, akaifuta, ingawa kuifuta hakukumsaidia kitu. Alikuwa na furaha. "Nikisema mimi, watakuwa wamenisikia mimi tu. Watafuta ile nukta na kuweka nyingine kwa amri yangu, na kesho watafuta nyingine kwa amri ya mtu mwingine." Akaivaa miwani tena. "Mwite."

Nyamizi akaja, akaamkia, akasimama akitazama sakafu. Mzee hakumwambia kama amepatia au amekosea. Alimsimulia tu habari ya watu wawili. Wa kwanza, Mdeni tajiri, yaani mtu wa Denmark, alitumia maisha yake kupima sayari bila darubini, kwa uangalifu kuliko wote waliomtangulia. Wa pili, Mjerumani, alirithi vipimo hivyo. Kabla yao, mtu wa kanisa wa Poland alikuwa amekwisha kusema kwamba jua ndilo lililo katikati na dunia nayo inazunguka, lakini bado kila mtu aliamini sayari zinakwenda kwenye duara kamili. Mjerumani alihangaika na Mirihi miaka kadhaa. Akapata duara lililokaribia mno kupatana na vipimo. Palibaki tofauti ndogo, ndogo kuliko nusu ya upana wa mwezi unavyouona.

"Angeifuta, nani angejua?" Mzee alisema. "Hakuifuta. Alisema Mdeni hakukosea kiasi hicho. Akalitupa duara lake mwenyewe, akaanza upya, na mwisho akakuta njia ya Mirihi imebonyea, imekuwa kama duara lililokaliwa. Na unajua, binti, macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni, ndui iliyaharibu. Alichokuwa nacho ni vipimo vya mtu mwingine na kuviamini."

Nyamizi aliinua uso akamtazama, na nadhani ndipo alipojua kwamba mzee yule haoni.

Mzee akampa ile rula yenye fundo. "Shule inafungwa wiki hii. Tindiga mnakamua ng'ombe jioni? Vizuri. Mirihi sasa inachomoza mapema, mkimaliza kukamua utaikuta juu. Kata katani ndefu sawasawa na kipimo chako, kipande kimoja kwa wiki. Uniletee."

"Na vikiwa vinapungua?"

"Uniletee vilivyo."

Likizo ile ilikuwa ndefu kwangu. Kila jioni nilisimama nje ya nyumba, moshi wa kupikia ukitanda juu ya mji, na ile nyota nyekundu na Mirihi nyekundu zaidi zikipanda pamoja juu ya mkonge, kama watu wawili walionuniana lakini wanakaribiana. Nilijua kitabu kinasema nini. Nisichokijua ni kama Nyamizi angerudi na rula au bila rula.

Shule ilipofunguliwa alifika nyuma ya baiskeli ya baba yake, Mzee Masanja, mfugaji mwenye kofia ya pama na fimbo iliyofungwa kwenye fremu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Huyu binti mnamfundisha nini? Kila jioni maziwa yanapoa, yeye kauma uzi kama mbuzi. Nikamuuliza, akasema nyota inarudi. Nikasema nyota hairudi. Sasa imebidi na mimi nitazame." Akacheka kidogo. "Inarudi, bwana. Sijapenda, lakini inarudi."

Nyamizi alikuwa na vipande vya katani kwenye mfuko wa sare. Alivipanga mezani kwa Mzee Lubawa mbele ya darasa zima, cha kwanza mpaka cha mwisho, na kila kimoja kilikuwa kifupi kuliko kilichotangulia. Hamisi aliinama kuviangalia.

"Anaweza kuwa amevikata tu," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Basi leo jioni upime wewe," Nyamizi alimwambia. "Na wiki ijayo upime tena. Meno yako ni mazuri."

Akapima. Darasa zima likapima, safari hii bila kuangalia chati, kila mmoja akikata katani yake na kuificha mpaka wote wamalize. Vipande vikalingana. Wiki ya pili vikalingana tena, na vilikuwa vimepungua.

Sasa wakataka kujua sababu, na hapo ndipo mwalimu anapopaswa kuwa tayari, maana swali hilo likipoa halichemki tena. Mzee Lubawa aliomba kiti kipelekwe katikati ya uwanja wa mpira. Akakaa. "Mimi ni jua," alisema. "Nimezeeka kidogo." Tukachora njia mbili za kumzunguka kwa majivu, ya ndani na ya nje. Nyamizi akawa dunia, akimbie njia ya ndani, haraka. Hamisi akawa Mirihi, njia ya nje, polepole. Mbali nyuma ya uwanja kulikuwa na safu ya misufi. Hiyo ndiyo nyota. Kazi ya Nyamizi ilikuwa kutaja kwa sauti anamuona Hamisi mbele ya msufi upi.

Wakaanza. Nyamizi alikuwa nyuma, anamfukuza. "Msufi wa kwanza! Wa pili! Wa tatu!" Akamkaribia. "Wa tatu! Bado wa tatu!" Akawa anampita ubavuni. "Wa tatu... wa pili! Wa pili! Wa kwanza! Anarudi!"

"Sirudi!" Hamisi alipiga kelele, jasho likimtoka. "Mimi nakwenda mbele! Mwalimu, mimi sijarudi hata hatua moja!"

"Anarudi, mwalimu! Namuona anarudi!"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Na katikati, kwenye kiti, Mzee Lubawa aliyekuwa haoni mkimbiaji wala msufi alikuwa amenyanyua uso, anasikiliza sauti mbili zikibishana kumzunguka, zote mbili zikisema kweli. Aliwaacha wabishane mzunguko mzima. Kisha akasema taratibu, "Basi magurudumu madogo tuyaweke kando. Hakuna aliyerudi. Mmoja amempita mwenzake."

Yaliyobaki yalikuja yenyewe muhula ule. Tulipigilia misumari miwili, tukazungusha kitanzi cha katani, tukachora lile duara lililokaliwa, tukaona kwamba sayari hukimbia zaidi inapokuwa karibu na jua. Tulizungusha jiwe kwenye kamba kueleza habari ya Mwingereza aliyesema kinachoangusha papai ndicho kinachoushika mwezi usitoroke. Tukawaambia pia kwamba hata hesabu yake ilibakiza punje moja ya mchele, kwenye mwendo wa Utaridi, na punje hiyo ikakaa hapo mpaka karani mmoja wa ofisi ya hataza, wanakoandikisha uvumbuzi, alipokuja na mawazo mapya kabisa. Kila walipofika nilipowataka wafike, palikuwa na nukta ambayo mtu fulani alikataa kuifuta.

Jioni moja, kiangazi kikiwa kimekauka na mbingu safi, tulikuwa tumekaa nje ya maabara mimi na Mzee. Hamisi akaja, amevaa sare kamili ingawa ulikuwa muda wa michezo.

"Shikamoo, mwalimu. Nimeleta katani ya wiki hii."

"Marahaba. Weka pamoja na nyingine."

Nyamizi alikuwa nyuma yake. Akamwaga vyote kwenye meza, akavipanga kwa mfuatano, ncha za chini zikigusa ukingo mmoja. Mzee Lubawa aliweka kidole juu ya kipande cha kwanza, akakisogeza juu ya ncha za vingine, polepole, kidole kikishuka, kikishuka. Kipande cha mwisho, kile cha Hamisi, kilikuwa kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Kidole kikapanda.

Akarudi nyuma, akagusa tena. "Hapa," alisema. "Imegeuka hapa."

"Ndiyo, mwalimu," Hamisi akasema. "Nilidhani nimekosea. Nikapima tena. Sikukirekebisha."

Mzee aliendelea kupitisha kidole, kikishuka na kupanda, kama mtu anayepapasa mgongo wa kitu kilicholala. Nyamizi akaninong'oneza: "Madam, ile historia, nimeghairi."

Mzee Lubawa alistaafu mwisho wa mwaka ule, akaenda Malolo na vipande vyake vya katani. Mimi nilihamia hapa Mikumi, ambako kabla ya kutazama juu unatazama kwanza kushoto na kulia kama kuna tembo. Nyamizi anafundisha fizikia kule Ruaha, karibu na miwa, na ameniambia wanafunzi wake wanakata vipimo kwa maganda ya miwa, yananyooka vizuri zaidi. Sijabishana naye.

Rula yenye fundo nimekuachia kwenye droo ya juu ya kabati la maabara. Jioni hii, giza likianza kuingia, itoe nje pamoja na uzi wowote ulio nao. Tafuta sayari moja inayoonekana, chagua nyota iliyo karibu nayo, uma fundo, kaza uzi, kata kipimo chako. Wiki ijayo kata kingine. Na kikitoka tofauti na ulivyotarajia, usikipunguze wala usikiongeze. Kiweke mezani kilivyo, uite darasa.